Mitego ya ndege ya asili: namna inavyofanya kazi, na kipi mtoto afundishwe

Swali: Msomaji wa Chanika, Dar es Salaam, anaeleza kwamba baba yake mzazi, anayeishi Maneromango wilayani Kisarawe, amemfundisha mjukuu wake wa miaka 12 kutega ndege wakati wa likizo. Kijana amerudi nyumbani na furushi la vijiti, bunda la mshipi wa nailoni na kopo la ulimbo, na huko kijijini mitego kadhaa imeachwa ikiwa imetegwa kandokando ya kisima na pembezoni mwa shamba la mpunga. Anauliza mitego hiyo inafanyaje kazi, kama kweli inasaidia kulinda mazao, na kama amruhusu mtoto aendelee nayo, kwa kuwa hataki kumvunjia heshima baba yake.

Jibu:

Dada yangu, jibu fupi ni kwamba mtoto aendelee kujifunza kutengeneza mitego kwa babu yake, ila asiwategee ndege wa porini, na ile iliyoachwa kisimani na shambani ing'olewe mapema iwezekanavyo. Huenda ukaona ni ajabu kumfundisha mtu kuunda kitu ambacho hatakitumia kwa kazi yake ya asili, hivyo naomba nikueleze kwa kirefu. Ujuzi alionao mzee wako ni ujuzi wa kweli unaostahili kurithiwa, na madhara ya baadhi ya mitego hiyo nayo ni ya kweli, na huwezi kuyapima yote mawili mpaka uufahamu mtego wenyewe kiungo kwa kiungo. Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza cha mtego wa ndege ni umbali uliopo kati yake na aliyeutega. Mtego unaofanya kazi mtegaji akiwa anautazama humwachia yeye uamuzi wa nani akamatwe na nani aende zake, lakini mtego unaoachwa peke yake huamua wenyewe, nao hauna macho.

Tuanze na ule wa ufito wa kupinda, ambao bila shaka ndio uliochukua sehemu kubwa ya vijiti vya furushi lile. Kwanza unahitajika ufito mbichi unaonepa bila kuvunjika, kwa mfano wa mkole, unaochomekwa ardhini kwa ncha yake nene. Kwenye ncha yake nyembamba hufungwa uzi, na mwisho wa uzi huo huwekwa kitanzi kinachoteleza. Juu kidogo ya kitanzi, uzi hufungwa kwenye kijiti kifupi chenye urefu kama wa kidole, nao haufungwi katikati ya kijiti hicho bali karibu na ncha yake ya juu. Kisha kijiti kingine hukunjwa kuwa upinde mdogo na kuchomekwa ardhini ncha zote mbili, na mbele ya miguu ya upinde huo huegemezwa kijiti cha ulalo. Mtegaji huuinamisha ufito mpaka ncha yake ikaribie ardhi, huipenyeza ncha ya juu ya kijiti kifupi chini ya upinde ili ikwame hapo, na ncha ya chini huizuia kwa kijiti cha ulalo. Juu ya kijiti cha ulalo hupangwa vijiti vyembamba kama jukwaa, kitanzi hutandazwa juu yake, na chambo humwagwa mahali ambapo ndege hawezi kukifikia bila kulikanyaga jukwaa. Akilikanyaga, kijiti cha ulalo hushuka, kijiti kifupi huponyoka, ufito hufyatuka, na kitanzi hukaza mguuni, au shingoni iwapo ndege alikuwa ameinama.

Ningependa kijana aelewe kwa nini ndege mwepesi kiasi kile anaweza kuifungua nguvu inayomshinda hata mtoto kuizuia kwa vidole viwili. Siri iko kwenye kile kijiti kifupi, ambacho ni wenzo, uleule anaofundishwa shuleni katika somo la sayansi. Uzi unavuta karibu sana na mahali kijiti kinapogusa upinde, na kizuizi kiko mbali, kwenye ncha ya chini, kwa hiyo nguvu ndogo ya mbali inatosha kuishikilia nguvu kubwa ya karibu. Mzee wako huenda hakuwahi kuisoma kanuni hiyo darasani, lakini anaitumia kila anaposogeza fundo la uzi juu au chini kwa upana wa ukucha. Akilisogeza fundo juu, mtego unakuwa mwepesi na hufyatuka kwa mguso mdogo. Akilishusha, unakuwa mzito.

Wepesi na uzito huo ndio uliomwezesha mtegaji hodari kuchagua windo lake. Kweleakwelea ana uzito wa gramu 20 hivi, shore hazidi sana gramu 40, tetere anafika gramu 150 hivi, na kanga anazidi kilo moja. Mtego uliowekwa uzito wa kumsubiri kanga humwacha shore adonoe na kuondoka salama, wakati mtego mwepesi hunasa kila kinachopita, pamoja na mjusi na kifaranga wa jirani. Vivyo hivyo kwa nguvu ya ufito: ukiwa mgumu mno kwa ndege mdogo huvunja mguu badala ya kuushika, na ukiwa dhaifu ndege hujinasua na kuondoka na uzi mguuni. Zaidi ya hayo, ufito uliokaa umepindwa siku nyingi hulizoea pindo lake na kupoteza nguvu ya kurudi, na hiyo ni sababu moja ya mtegaji makini kuutegua mtego wake jioni na kuutega upya alfajiri. Sababu ya pili ni kwamba usiku tetere amelala mtini, na anayetembea ardhini ni mnyama mwingine kabisa.

Sehemu kubwa zaidi ya elimu hii, hata hivyo, haimo kwenye vijiti. Imo katika kujua ndege anapita wapi, saa ngapi, na kwa haja gani. Tetere na pugi hula mbegu kavu, na mbegu kavu humlazimu ndege kunywa maji kila siku, kwa hiyo wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za vuli zinapokaribia Oktoba, dimbwi moja lililobaki huwakusanya ndege wa eneo zima. Kwale ni ndege wa kutembea. Akikutana na uzio mfupi wa matawi hupendelea kuufuata mpaka apate upenyo kuliko kuruka juu yake, na wategaji wa zamani walijenga uzio wa kimo cha goti wenye mapengo machache, kila pengo na mtego wake. Ninga hashuki kula punje chini, kwa kuwa chakula chake ni matunda ya mkuyu na miti ya namna hiyo, kwa hiyo anayemwagia mtama ardhini akimsubiri ninga atasubiri sana. Ukimuuliza mzee wako kwa utaratibu, nadhani atakueleza mambo ya aina hii kwa muda mrefu kuliko atakavyoeleza kufunga kitanzi. Ni elimu ya tabia za ndege iliyokusanywa kwa miaka mingi ya kutazama, nami naithamini kama ninavyoithamini ile inayopatikana vyuoni.

Sasa nije kwenye mshipi wa nailoni, kwa sababu hapo ndipo mtego wa asili ulipobadilika bila watu wengi kutambua. Zamani vitanzi vidogo vya kutandaza ardhini vilisokotwa kwa singa za mkia wa ng'ombe, na vile vya mitego mikubwa kwa nyuzi za katani au za gome la mbuyu. Singa ina ugumu wa kutosha kukifanya kitanzi kibaki wazi chenyewe, na wembamba wa kutosha kisionekane, lakini pia ina udhaifu wake. Hunyeshewa, hukauka, hutafunwa na wadudu, na ndege mwenye nguvu huikata. Mtego uliosahauliwa ulikuwa unakufa wenyewe baada ya msimu mmoja. Nailoni haiozi kwa miaka. Kitanzi alichokiweka mtoto mwezi huu kitakuwa bado kinanasa wakati yeye yuko kidato cha pili, na hakuna atakayekuwa anakwenda kukitazama. Tena nailoni huzama kwenye ngozi ya mguu na kuzuia damu, na hata ndege akiukata uzi akaruka, kipande kilichobaki huendelea kukaza mpaka kidole kinakauka na kudondoka. Ukiwatazama kwa makini njiwa wa masokoni hapa mjini, utaona baadhi yao wana vidole pungufu, na mara nyingi chanzo ni nyuzi zilizowazonga miguuni.

Kuhusu ulimbo sitakuwa na maneno mengi, kwa sababu msimamo wangu ni mmoja: mwageni. Ulimbo hutengenezwa kwa utomvu mzito, kama ule wa mfenesi, unaochemshwa na kuchanganywa na mafuta kidogo ili usigande haraka, kisha hupakwa kwenye vijiti vilivyo karibu na maji au kwenye mti wenye matunda. Ndege akitua, miguu hunata, akijitahidi kujinasua anapiga mabawa, nayo yanashika kijiti, na kila anavyohangaika ndivyo anavyozidi kujipaka. Hakuna marekebisho yoyote ya uzito yanayowezekana hapa. Shore, mdiria aliyetua ili atazame maji, na chozi aliyekuja kunywa wote hunata sawasawa, na ule msemo wa mtego wa panya kuwanasa waliomo na wasiokuwemo haujapata mfano bora kuliko huu. Kibaya zaidi ni kwamba hata anayemwonea huruma ndege huyo na kumbandua huwa amemharibia manyoya, na unyoya wa bawa uliokatika hauoti upya mpaka msimu wa kubadilisha manyoya utakapofika. Iwapo utamkuta ndege amenata, tumia mafuta ya kula kidogo sana kwa ncha ya kidole, ukilegeza unyoya mmoja baada ya mwingine, na usithubutu kutumia mafuta ya taa wala petroli.

Mtego ninaoupenda, na ambao ningetaka kijana aufahamu vizuri kuliko mingine yote, ni ule wa tenga. Tenga hufunikwa chini, upande mmoja huinuliwa kwa kijiti, kamba ndefu hufungwa kwenye kijiti hicho, chambo cha chenga za mchele au kumbikumbi huwekwa chini yake, na mtegaji hukaa mbali amejificha akiwa ameshika ncha ya kamba. Hakuna kinachofyatuka bila mkono wa mtu kuvuta. Akiingia ndege asiyetakiwa, mtegaji hutulia. Akiingia anayetakiwa, huvuta, na ndege hubaki mzima chini ya tenga bila jeraha. Mtego huu unadai subira kuliko mwingine wowote, kwa sababu ndege wengi huzunguka tenga mara kadhaa kabla ya kuthubutu kuingia, na mtoto aliyekaa kimya nusu saa akiwatazama wanavyoamua ataondoka na elimu hata kama hakuvuta kamba.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam kuna mtego mwingine wa kuwaacha ndege hai ambao pengine umewahi kuuona, nao ni wa kunguru. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa mjini si wa asili yetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima, na wamekuwa balaa kwa vifaranga na kwa ndege wadogo wa asili, kwa kuwa kunguru hao hula mayai na makinda ya ndege hao. Mtego wao ni kizimba kikubwa cha waya chenye uwazi juu, na ndani yake huachwa kunguru mmoja hai wa kuwaita wenzake. Kunguru huingia kwa kukunja mabawa na kujitumbukiza, lakini ili atoke ni lazima aruke kwenda juu, na akiyafungua mabawa hayapiti kwenye uwazi ule. Ni hila ileile ya dema la mvuvi, ambamo samaki huingia kwa mlango mpana unaosinyaa ndani na kushindwa kuuona tena anapotaka kutoka. Mtego wa namna hii huwekwa na wenye dhamana ya kazi hiyo, na mhudumu hupaswa kuupitia kila siku, kumpa maji na chakula yule kunguru mwitaji, na kuwaachia ndege wengine walioingia kwa bahati mbaya. Nimeutaja ili uone kwamba sipingi mtego kwa kuwa ni mtego. Ninachodai ni awepo mtu anayewajibika kwa kila kinachoingia ndani yake.

Kuhusu mpunga, inabidi kwanza mzee atambue ni ndege gani wanaomla, kwa sababu dawa inategemea hilo. Tetere wanaofukua mbegu zilizopandwa juzi ni tatizo la siku chache, na mnana mmoja mmoja kwenye masuke ni hasara inayovumilika. Kweleakwelea ni habari nyingine kabisa. Ndege mmoja anaweza kula mpaka gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege 1,000 linakula kilo 10, na makundi yao hufikia mamilioni. Mitego kumi ya kijana, hata ikifyatuka yote mara mbili kwa siku, haipunguzi chochote kinachoonekana, na muda anaoutumia kuitega upya ndio uleule ambao angekuwa anawafukuza. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana walijenga dungu katikati ya shamba na kukaa juu yake kuamia ndege kwa kelele, kombeo na kamba zenye makopo, tangu punje zinapoanza kutia maziwa mpaka siku ya kuvuna. Kazi hiyo inachosha, na ni kweli kwamba imekuwa ikiwaangukia watoto wa shule, jambo ambalo silipendi. Lakini familia zikigawana zamu, na wenye mashamba yanayopakana wakipanda kwa wakati mmoja ili hasara isimwangukie aliyewahi au aliyechelewa, kuamia kunaokoa nafaka nyingi kuliko mtego wowote wa kitanzi.

Ziko sehemu ambako kunasa kweleakwelea kumekuwa na maana ya kweli, lakini ni kwa kitoweo na kwa zana nyingine. Wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, wanavijiji wamekuwa wakiwanasa kwa mitego ya vikapu, na nchini Chad watu huwakamata kwa nyavu kubwa wakati wa usiku kwenye malazi yao, kwa wingi ambao ni biashara kamili. Watafiti wamevutiwa na njia hiyo kwa sababu sumu ya fenthioni inayopuliziwa kwa eropleni dhidi ya makundi makubwa huua pia viumbe wengine wasio na hatia. Likitokea kundi la namna hiyo Maneromango, mzee asihangaike peke yake; amwarifu afisa ugani wa kata, ambaye taarifa yake huwafikia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Na popote palipopuliziwa sumu, mtu yeyote asiokote ndege aliyekufa kwa ajili ya mboga, hata kama anaonekana mzima kabisa.

Sheria nayo ina neno lake, na ni vyema ulifahamu wewe kama mzazi kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inawahesabu ndege wa porini kuwa wanyamapori kama walivyo swala na tembo. Kumkamata au kumwinda bila kibali ni kosa, na tanzi, wavu na mtego vimo miongoni mwa zana zinazokatazwa. Udogo wa ndege hauondoi kosa, wala umri wa desturi yenyewe. Kisarawe kuna jambo la ziada, kwa kuwa huko ndiko ulipo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Misitu ya pwani ya aina hiyo ni makazi ya ndege wanaopatikana sehemu chache sana duniani, akiwemo kipimanjia wa Sokoke, ndege mdogo anayetembea chini kwenye majani makavu, yaani palepale kitanzi kinapotandazwa. Hata karibu na kisima cha kawaida, kati ya Oktoba na Aprili hufika wageni kutoka Ulaya na Asia, baadhi ya vitwitwi na mbayuwayu wakiwemo, na mtego wa mtoto hauwezi kumtofautisha ndege aliyesafiri maelfu ya kilomita na yule aliyezaliwa mtaa wa pili. Wakati wa mvua madhara huongezeka maradufu, maana ndege wengi huwa na makinda, na mzazi akinaswa, kiota kizima hufa njaa.

Usije ukadhani pia kwamba kuwakamata wakiwa hai na kuwafuga ni njia ya kupita katikati. Ndege wa porini waliouzwa wakiwa hai wametuachia somo chungu: katika miaka ya 1980, cherero wa Fischer, kasuku mdogo wa kanda yetu ya ziwa na mbuga za kaskazini alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa nje kwa wingi zaidi duniani, na idadi yake porini ilishuka sana. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwa nyumba ya kawaida, sababu ya karibu zaidi ni kwamba ndege wa porini akiwekwa banda moja na kuku anaweza kuwaletea kideri, na unajua mwenyewe kideri kinavyofagia banda kwa siku chache.

Basi utamwambiaje mzee? Nakushauri usiende na habari ya kumkosoa. Mwendee kwa shikamoo na kwa swali, umwombe amfundishe mjukuu wake mtego wa ufito mpaka aweze kuuunda bila kusaidiwa, pamoja na kumsimulia tabia za ndege wa Maneromango, na umweleze kwamba zamani hapakuwa na nailoni, pori lilikuwa kubwa kuliko mashamba, na sheria ya leo itamkuta mtoto wa mwenzako na wako pia. Wazee wengi ambao nimezungumza nao hulipokea vizuri jambo hili la nailoni, kwa sababu wao wenyewe wamewahi kuwaona ndege waliokauka kwenye mitego ya watu wasiojulikana, na hawakufurahi.

Kwa upande wa kijana, kazi ipo ya kutosha bila ndege hata mmoja. Ajaze mchanga kwenye vifuko viwili, kimoja cha gramu 20 na kingine cha gramu 150, avipime kwenye mizani ya dukani, kisha arekebishe fundo la kijiti kifupi mpaka mtego ufyatuke kwa kifuko kizito na ubaki umetulia kwa kile chepesi. Akifaulu hilo mara kadhaa mfululizo atakuwa amefikia ufundi ambao si watu wengi wa rika la baba yake wanao. Ajifunze kusokota uzi wa katani badala ya kununua mshipi. Tenga na kamba avitumie kwa kuku wenu wanaokataa kuingia bandani jioni, maana kuku naye ni ndege mwerevu wa kutosha kumfundisha subira. Mkija mjini siku ya mapumziko, mpitishe Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, akatazame fito na kamba zilivyotumika kwenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Ufundi wa kuchagua kijiti kinachonepa na kufunga fundo lisiloteleza ni uleule. Na akirudi kijijini, akae na babu yake karibu na kile kisima asubuhi, aandike kwenye daftari ndege waliofika kunywa, kwa majina anayoyatumia mzee, kwa sababu majina hayo mengi hayajaandikwa popote.

Limebaki la haraka, nalo ni mitego iliyokwisha tegwa. Usimtume mtoto peke yake. Waende yeye na babu yake, wakianzia kisimani, kwa kuwa ndipo ndege wanapofika kila siku, na wamalizie mpunga. Wachukue mkasi mdogo, kitambaa laini na mfuko. Wakimkuta ndege hai, wamfunike kichwa kwa kitambaa ili atulie, wamshike mwili mzima kwa mkono mmoja bila kumbana kifua, kwa sababu ndege hupumua kwa kukitanua kifua, kisha waukate uzi badala ya kuuvuta, wakihakikisha hakuna kipande kilichozama kwenye mguu. Akiwa anaweza kusimama, wamwachie hapohapo, karibu na kichaka. Iwapo mguuni ana pete ya chuma yenye herufi na namba, waziandike zote pamoja na tarehe na mahali, kwa maana ndege huyo anafuatiliwa na watafiti, nanyi mkinitumia taarifa hizo nitazifikisha. Vijiti vya ulimbo vichimbiwe shimoni. Vitanzi vya nailoni vikatwe vipande vidogo na kurudishwa nyumbani ndani ya mfuko, visitupwe shambani, na kijana aulizwe alitega vingapi na wapi, ili idadi ya vilivyong'olewa ilingane na idadi aliyoitega.